Miaka imeongezeka, magoti je?

Takwimu za umri wa kuishi zikitangazwa, wengi wetu hapa Nairobi tunasoma kichwa cha habari na kupita: Wakenya sasa wanaishi miaka mingi zaidi. Ni kweli, na si jambo dogo. Nchi ilipopata uhuru 1963, wastani ulikuwa chini ya miaka 50. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikaribia 60, kisha ukimwi ukaurudisha nyuma katika miaka ya 1990. Sensa ya 2019 iliuweka kwenye miaka 60.6 kwa wanaume na 66.5 kwa wanawake. Sensa hiyo hiyo ilihesabu watu takriban milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 au zaidi, umri ambao Katiba ya 2010 inautumia kumtambua mzee.

Wastani huu husomwa vibaya. Ukisikia 63, ni rahisi kudhani mtu wa miaka 60 amebakiza mitatu. Sivyo. Wataalamu huchukua viwango vya vifo vya mwaka mmoja kwa kila rika, wakawapitisha humo watoto 100,000 wa kubuni, tangu siku ya kuzaliwa mpaka wa mwisho afe. Kinachoushusha wastani kuliko chochote ni vifo vya utotoni. Chukua watu kumi: wawili wafe wakiwa wachanga, wanane wafe wakiwa na miaka 70. Wastani wao ni 56, ingawa hakuna aliyekufa akiwa na 56. Waokoe wale wachanga wawili nao wafike 70, wastani unaruka hadi 70, na hakuna mzee hata mmoja aliyeongezewa siku. Mkenya aliyefika 60 leo ana zaidi ya miaka 15 mbele yake kwa wastani, na hiyo ndiyo hesabu ambayo familia inapaswa kupangia.

Kwa sehemu kubwa hivyo ndivyo tulivyoongezewa miaka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2003 ulikuta watoto 115 katika kila 1,000 wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kufikia 2014 walikuwa 52, na 2022 walikuwa 41. Chanjo, vyandarua vyenye dawa, na ARV zilizoanza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2006 vilifanya kazi hiyo. Chanjo na vyandarua ni kazi zinazofanyika kwa kampeni: gari linakuja, watu wanapanga foleni, sindano inachomwa, basi. Uzee hauna sindano yake.

Shirika la Afya Duniani hukadiria pia miaka ambayo mtu huishi akiwa na afya njema. Kwa Kenya, makadirio ya 2019 yalikuwa karibu miaka 66 ya kuishi na 58 ya kuishi mzima. Pengo ni miaka minane hivi. Duniani kote ni karibu tisa au kumi, kwa hiyo tusijione tumelaaniwa. Mnamo 1980 daktari Mmarekani James Fries alitoa hoja kwamba maradhi yanaweza kusukumwa mbele mpaka yabanwe katika kipindi kifupi kabla ya kifo. Miaka mitatu kabla yake mwenzake, Ernest Gruenberg, alikuwa ameonya kinyume: tiba inawaweka watu hai bila kuwaondolea ugonjwa, kwa hiyo miaka ya kuugua inaongezeka. Kwa maoni yangu wote wawili wako sahihi, ila katika nyumba tofauti. Na tofauti ya nyumba hizo mara nyingi haiko hospitalini. Iko kwenye kiti, sahani, bafu na mfuko wa dawa.

Tuanze na kiti. Shirika la Afya Duniani lina kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya sebuleni. Tafuta kiti kigumu kisicho na magurudumu, urefu wa sentimita 43 hadi 45 kutoka sakafuni, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Mzee akae, miguu chini, mikono aikunje kifuani. Asimame wima kabisa na kukaa tena, mara tano mfululizo, haraka awezavyo bila kujihatarisha. Washa saa ya simu. Akizidisha sekunde 14, au akishindwa kumaliza, nguvu za miguu zimeanza kwenda na anahitaji kuonwa. Kosa la kawaida ni kumpimia kwenye sofa. Sofa zetu ni za chini na zinazama. Hata kijana wa miaka 30 hunyanyuka humo kwa kujisukuma. Kosa la pili ni kumwacha asukume magoti kwa viganja kisha mkasema amefaulu.

Kipimo hicho ndicho pia zoezi. Aliyeshindwa aanze kwenye kiti kilichoinuliwa kwa blanketi nene lililokunjwa, asimame na kukaa mara nane, apumzike dakika mbili, arudie mara nane. Siku tatu kwa wiki, zikiachana. Akiweza mara 12 bila kuhema sana, punguza unene wa blanketi, mpaka liondoke. Aongeze kuinua visigino mara kumi akiwa ameshika sinki, na kusimama kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine kwa sekunde kumi, ukuta ukiwa karibu. Misuli kuuma siku mbili baadaye ni kawaida. Maumivu makali ndani ya goti, kizunguzungu au kifua kubana si kawaida. Aache na aende kliniki.

Kwa nini miguu kwanza? Kwa sababu Nairobi ni mji wa ngazi. Ploti za Pipeline, Umoja na Githurai zinapanda orofa tano, sita na zaidi, nyingi bila lifti. Mama anatolewa kijijini, alikokuwa akitembea shambani kila asubuhi, analetwa mjini "apumzike" karibu na hospitali, anawekwa orofa ya nne. Kushuka ni shida, kupanda ni shida zaidi, basi anakaa. Chakula kinaletwa, maji yanaletwa, televisheni iko wazi kutwa. Watoto wanafanya haya kwa upendo kabisa. Utafiti uliochapishwa Marekani 2007 ulichukua wazee wenye afya nzuri, wakalazwa kitandani siku kumi tu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao walikuwa wazima. Mzee mwenye presha na sukari, akikaa kitini miezi mitatu, haishangazi kwamba siku ya kumrudisha nyumbani anabebwa. Majirani watasema uzee umemwingia ghafla.

Kama lazima aishi mjini, lipieni chumba cha chini hata kikiwa kidogo na chenye kelele. Isipowezekana, ashuke na kupanda mara moja kila siku, mtu akiwa nyuma yake wakati wa kupanda na mbele yake wakati wa kushuka, akishika reli muda wote. Mguu wenye nguvu hutangulia kupanda. Mguu mbovu hutangulia kushuka. Wengi huchanganya hapo, na goti linaloruka ni lile lile bovu lililolazimishwa kubeba mwili wote.

Sahani sasa. Zoezi bila protini ni kumchosha mtu bure. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mama wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Ukiangalia anachokula wengi wao, chai na mkate asubuhi, chai na andazi saa kumi, ugali na sukuma wiki usiku, hafiki hata nusu. Na kufika si lazima ununue nyama: mayai mawili yana gramu 12, kikombe cha maziwa gramu 8, kikombe cha maharagwe au ndengu zilizoiva gramu 15 hivi, gao la omena kavu la gramu 30 lina kama 16, na ugali wa gramu 150 za unga una 12. Hapo ameshapita 60. Isambazwe katika milo yote mitatu, maana mwili wa mzee hautumii vizuri protini yote ikirundikwa usiku.

Kinachoharibu mpango huu ni meno. Mzee hasemi hawezi kutafuna. Anasema hana hamu, ameshiba, nyama haimfai. Mwangalie akila. Kama anaisukuma nyama kando na kunywa mchuzi, tatizo ni kinywa. Omena iliyokaangwa kavu, ikasagwa na kuchanganywa kwenye uji, inapita bila kutafunwa. Mwenye ugonjwa wa figo asiongezewe protini kabla daktari hajasema. Na nguo zikianza kumpwaya, mpime: kilo tatu zikipungua ndani ya miezi mitatu bila yeye kutaka, hiyo si nzuri kwa mzee hata kama alikuwa mnene. Tunasifu wembamba wakati usiofaa.

Bafuni ndiko mifupa inakovunjikia. Karibu theluthi moja ya watu wa miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka, na nyonga ikivunjika wengi hawarudi walivyokuwa. Saa ya hatari ni usiku: ameamka kukojoa, presha imeshuka ghafla kwa kusimama haraka, stima imepotea au tokeni zimeisha, sakafu ya vigae ina maji, na mguuni ana patipati. Mwondolee moja moja. Taa ndogo ya betri iwe karibu na mto. Akae ukingoni mwa kitanda dakika nzima kabla ya kusimama. Patipati zibadilishwe kwa viatu vya mpira vyenye kisigino kilichofungwa. Zulia dogo la mlangoni liondoke kabisa, hata kama limefumwa na shangazi.

Kuhusu reli ya kushikilia bafuni, mafundi wengi hukosea kwa namna moja: wanatoboa kigae na plasta, wanasukuma plagi ya plastiki, wanakaza skrubu, kazi imeisha. Inapendeza mpaka siku mtu anapoidondokea na uzito wake wote. Bolti lazima ipite kigae na plasta iingie ndani ya jiwe lenyewe, sentimita sita au zaidi, na iwe ya kupanuka inapokazwa. Bomba liwe na unene wa milimita 32 hadi 38. Nene kuliko hapo kiganja cha mzee hakilizunguki. Fundi akimaliza, mwambie aning'inie mwenyewe kabla hujamlipa. Akisitasita, umepata jibu. Reli ya taulo si reli ya mtu.

Kwa choo cha kuchuchumaa, usihangaike kutafuta kifaa cha bei ghali. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanachomelea kiti cha bomba la chuma chenye miguu minne, tundu katikati, urefu wa sentimita 45, unakiweka juu ya tundu la choo. Peleka vipimo vya sakafu: miguu ya kiti inapaswa kutua nje ya bakuli la choo, pande zote nne. Watu husahau mipira ya miguuni, kiti kinateleza kwenye simenti yenye maji, na sasa mmemnunulia mzee njia mpya ya kuanguka.

Presha inastahili makala yake, lakini niseme machache. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya Wakenya watu wazima wana presha ya juu, na asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Haiumi, kwa hiyo inasubiri. Inavunja mshipa wa ubongo wa mtu wa miaka 58, naye anaishi miaka 15 mingine upande mmoja ukiwa umekufa. Miaka hiyo inaingia kwenye wastani wa taifa kama mingine yote.

Ukipima nyumbani, mtu akojoe kwanza, akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa au chai ya rangi, wala kuvuta sigara, nusu saa kabla. Mkanda uzungushwe juu ya ngozi. Julai watu hupimwa juu ya sweta kwa sababu ya baridi, na namba inayotoka haina maana. Pima mara mbili, dakika moja katikati, uandike zote. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi kwa siku kadhaa unatosha kukupeleka kliniki. Huko kliniki kipimo ni 140 kwa 90. Angalia pia saizi ya mkanda. Mkanda unaokuja na mashine nyingi unatosha mkono wa mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima katikati ya bega na kiwiko. Mkono ukizidi 32, mkanda mdogo utaonyesha presha ambayo mtu hana, na ataanzishiwa dawa asizozihitaji. Bila mashine, ulizia wahudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako: tangu Septemba 2023 wengi wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari.

Sasa mfuko wa dawa, ambao kwangu ndio unaowaharibia wazee wa Nairobi miaka yao mizuri kuliko tunavyokubali. Kila mzee anao, wa plastiki, unaning'inia msumarini. Umimine wote mezani. Kwa kila pakiti uliza: ya nini, nani aliandika, tangu lini. Utakuta amlodipini, dawa ya presha, mbili zenye majina tofauti ya kampuni, moja ya kliniki ya mtaani na nyingine ya hospitali kubwa, na mzee anameza zote kisha anavimba miguu. Utakuta klofeniramini, ile tembe ndogo ya njano ya mafua, anayoimeza kila usiku apate usingizi. Kwa mzee inaleta kuchanganyikiwa na kukauka mdomo, familia inaanza kunong'ona kuhusu akili yake. Na karibu kila mara utakuta dawa ya magoti: diklofenaki au ibuprofeni, iliyonunuliwa dukani bila karatasi ya daktari.

Hiyo ya magoti ndiyo ya kuogopa. Peke yake inapandisha presha na kuchubua tumbo. Ikikutana na dawa ya presha kama losatani au enalaprili, pamoja na dawa ya kukojoza kama haidroklorothiazidi, zote tatu zinapunguza uwezo wa figo kuchuja damu kwa njia tatu tofauti. Mzee akiharisha siku mbili tu, au asinywe maji ya kutosha, maana kiu hupungua na umri, figo zinaweza kusimama. Na mbili kati ya hizo tatu zinaandikwa pamoja kwa wagonjwa wengi wa presha, kwa sababu nzuri. Ya tatu ndiyo inayoongezwa kimyakimya. Kwa magoti, paracetamoli isiyozidi gramu 3 kwa siku, yaani tembe sita za miligramu 500, ni salama zaidi kwa mwenye ini zima, na zoezi la kiti husaidia magoti yenyewe. Usiache dawa yoyote ya presha au sukari kwa uamuzi wako. Beba mfuko mzima uende nao kliniki, umwambie daktari apunguze, si aongeze.

Masikio na macho kwa ufupi, kwa kuwa hapa tiba ipo. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji ambao kwa kawaida hauzidi nusu saa, bila kulazwa usingizi. Sikio, simama nyuma ya mzee umbali wa mkono, nong'oneza maneno manne ya kawaida, ayarudie. Akishindwa, aangaliwe nta kwanza. Mara nyingi ni hiyo tu, imeshindiliwa ndani kwa kijiti cha pamba au kifuniko cha kalamu. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kusahau vinahusiana na mambo 14 yanayoweza kubadilishwa, na kupoteza usikivu ni mojawapo ya makubwa. Nusu ya wazee tunaosema "hawaelewi" hawajatusikia. Hiyo nusu ni yangu, si ya Lancet.

Fedha zinakuja nyuma ya haya yote. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, inawapa waliotimiza 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo Nairobi hazilipi hata kodi ya chumba kimoja katika ploti nyingi za mawe. Kwa hiyo anayebeba ni binti, kwa kawaida binti wa miaka 45 hadi 55, na mgongo wake ndio bima halisi ya familia. Anamwinua mama kwa kumvuta mikono. Bega la mama linateguka, kiuno cha binti kinakatika.

Namna bora ni hii. Mwache mzee asogee mpaka ukingo wa kiti. Nyayo zake zirudi nyuma ya magoti, ziachane kwa upana wa nyonga. Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Mikono yake isukume kiti, isikushike shingo. Wewe simama kando, goti limekunjwa kidogo, mkono mmoja mgongoni kwake chini ya ukanda, mwingine mbele ya bega. Hesabuni pamoja, tatu, aamke kwa nguvu zake wewe ukimwongoza. Akiwa ameanguka sakafuni, usimnyanyue kabla ya kumtazama. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeuka nje, au akilia nyonga ikiguswa, mfunike blanketi, umwache hapo hapo, uite gari la wagonjwa. Kama hana maumivu, mlaze ubavu, apige magoti, atambae hadi kwenye kiti kigumu, aweke viganja juu yake, atangulize mguu wenye nguvu, ajisukume. Kiti cha pili kiwe nyuma yake cha kukalia. Apumzike dakika kadhaa, mpime presha, kisha uulize alikuwa akifanya nini alipoanguka.